Kaseti ya Gemu Mia Tisa

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka kumi, baba alikufa na shule yangu ikaishia hapo, darasa la tatu. Mama alilima viazi Tetu na mimi nikawa wa kupeleka magunia naye soko la Karatina. Huko broka, dalali wa viazi, alijaza gunia mpaka mdomo, akashonea juu yake kichwa kingine cha nyavu, akajaza hicho pia, kisha akalipa bei ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Mama hakubishana. Alishika ncha ya leso mdomoni akaangalia kando. Niliapa hakuna mtu atanifanyia hivyo nikiwa mkubwa, na hakuna aliyenifanyia.

Miaka ya tisini nilikuwa na kibanda cha mbao nyuma ya soko hilo, tivi mbili ndani, na mashine za gemu, zile za kuchomeka kaseti. Dakika kumi, shilingi tano. Vijana wenye kaseti zao walikuja kubadilishana kwangu, na mimi ndiye nilisema hii ni sawa na ile, au ongeza ishirini. Hakuna aliyenichagua. Tivi zilikuwa zangu, basi na bei ilikuwa yangu.

Siku moja akaja mama mmoja kutoka Kagio, muuza nyanya. Mguu ulikuwa umeanza kumkataa, hakuweza tena kusimama sokoni kutwa. Dada yake, mfanyakazi wa nyumbani Nairobi, alikuwa amempa mashine ya gemu na kaseti nne zilizoachwa na mwajiri wake. Mama huyo mwenyewe alikuwa ameuza ng'ombe akanunua tivi. Alitaka kufungua chumba kama changu, akae chini, ale.

"Ndugu yangu, wewe ndiye unajua hii mambo," akasema. "Nne zitatosha?"

"Nne? Watu watachoka nazo wiki moja. Kila moja iko na gemu moja tu." Nikatoa yangu ya manjano, imeandikwa 999. "Hii iko na mia tisa na zaidi. Kwa vile umetoka mbali, nipe hizo nne tu."

"Ati mia tisa? Zimekaa wapi, na kitu yenyewe ni ndogo hivi?"

"Hapo ndipo elimu iko, mama." Mimi, wa darasa la tatu!

Akaitikisa karibu na sikio. "Gunia ningeingiza mkono mpaka chini. Hapa nitaingiza nini?"

"Ingiza imani."

Tulicheka wote wawili. Nikaichomeka aone. Majina ya Kiingereza yakajipanga kwenye kioo, ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Aliangalia tu urefu wa orodha, kama mtu anavyoangalia gunia limesimama vizuri, akanipa zake nne.

Mimi nilijua. Jumapili moja nzima nilikuwa nimeijaribu, watu wakiwa kanisani. Ndani kulikuwa na gemu saba. Ukifika ya nane, ya kwanza inarudi na jina jipya. Na kati ya zake nne kulikuwa na ya mpira ambayo vijana wa Karatina wangepanga foleni kwa ajili yake.

Miezi miwili baadaye alirudi na fimbo mkononi, kaseti ya manjano imefungwa kwa kitambaa safi. Vijana sita walikuwa wakingojea zamu yao ya mpira, ule ule wake.

"Vijana wa kwetu waligundua siku ya tatu," akasema. "Mmoja akaniambia, mathe, hizi ni saba zinabadilisha nguo. Hawaji tena. Nirudishie zangu. Ama hata hiyo ya mpira peke yake."

Nilijibu kwa sauti, ili wale vijana wasikie. "Kubadilishana hakurudi nyuma, mama. Ukinunua gunia ukute mawe nyumbani, broka utampata wapi?"

Kijana mmoja akapiga mbinja. Yule mama akaniangalia.

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Haya. Basi tumedanganywa wote wawili." Akaweka kaseti ya manjano mezani. "Kaa nayo, usije ukampa mwingine bila kujua."

Akashika ncha ya leso mdomoni, akaangalia kando, akaondoka. Hakuwa anaenda mbio, na mguu ule. Ningemfikia kabla ya barabara. Nilinyoosha mkono kwa kijana aliyefuata, nikapokea shilingi tano zake.

Nilienda Kagio miaka mingi baadaye, kaseti zake mfukoni. Chumba chake kilikuwa saluni. Msichana wa pale alisema yule mama alihamia kwa binti yake, hakujua wapi.

Leo niko na ekari mbili na nusu za chai Tetu, ng'ombe wanne wa maziwa, maduka sita ya kukodisha Karatina, pikapu moja, nyumba ya mawe, na kaseti tano: moja yangu, nne za yule mama.