Paa la gari la Baba limegoma njiani kwenda harusini

Jamani, leo dada yangu Neema ameingia kanisani amelowa chapachapa!

Baba ana lile gari lake la zamani, paa lake la chuma linajikunja lenyewe na kuingia kwenye buti. Amelitengeneza miaka mingi kwa ajili ya harusi hii ya Neema.

Tulipofika Mkonze paa likiwa wazi, mvua hiyo! Baba akabonyeza kitufe. Paa likanyanyuka, likagoma katikati, wima.

Baba akasimamisha gari, machozi yanamlengalenga. "Nisamehe, mwanangu."

Neema akacheka. "Baba, mvua ya Dodoma si tunaiomba mwaka mzima? Twende hivyo hivyo!"

Tukaenda, watu wanapiga vigelegele barabarani, Baba anapiga honi mpaka mlangoni mwa kanisa.

Picha hiyo hapo. Msicheke sana, bwana harusi anasoma maoni yenu.