Nani atamwambia baba alale sebuleni?

Assalaam alaykum admin, na wakubwa wote wa ukurasa huu shikamooni. Naomba jina langu lifichwe. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma kidato cha tatu, nakaa Dunda, Bagamoyo. Naandika kwa simu ya binamu yangu, kwa ruhusa yake. Najua wengi huleta hapa mambo mazito ya ndoa na langu mtaliona la kitoto, lakini limeninyima raha wiki nzima, na Ijumaa ndiyo mwisho.

Baba yangu ana wake wawili. Mama yangu ndiye mkubwa, na mimi ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba zote mbili. Mama mdogo anakaa mtaa wa pili. Baba hulala kwetu siku mbili na kwake siku mbili, na akinunua samaki hununua mafungu mawili yaliyo sawa. Kwetu tuko watoto watatu, kwa mama mdogo wako wanne, na bibi mzaa baba anakaa nasi. Hakuna ugomvi. Mama zetu wanajuliana hali na Ramadhani wanapelekeana futari. Ila sisi sote kumi na mmoja hatujawahi kulala chini ya paa moja, na hilo nimelitamani tangu nikiwa mdogo.

Nilipofaulu mtihani wa kidato cha pili, baba aliniambia nichague zawadi. Nikachagua twende sote kwenye bustani ya michezo ya maji, ile ya upande wa Dar yenye mabomba makubwa ya kuteleza, na tulale huko, kwa sababu miguu ya bibi haiwezi kwenda na kurudi siku moja. Baba akacheka, akasema msomi ni mimi, basi nitafute malazi ya watu wa hali yetu. Wadogo zangu wakasikia. Tangu hapo wanamwaga maji kwenye turubai uani na kujifunza kuteleza, na kila nikitoka shule wananiuliza kama nimepata.

Kupata kwenyewe kulikuwa kazi. Hoteli ya pale pale ina chumba wanachokiita cha familia. Nilipopiga simu, dada wa mapokezi aliniuliza tuko wangapi. Nilipomtajia, akauliza kama ni safari ya shule. Nikasema hapana, ni familia. Akanieleza kwa upole kwamba familia kwao ni baba, mama na watoto wawili, hivyo sisi tuchukue vyumba vinne, na chakula cha nyumbani hakiingii. Bei yake ingekula ada zetu. Mahali pengine waliniambia nimpe simu mtu mzima. Mahali pengine tena walitukubali sote bila swali lolote, nikafurahi, kumbe nilipoangalia picha vizuri ni baa.

Mwishowe nikapata nyumba Mapinga, njiani kuelekea huko. Mwenyewe ni mama mmoja anayekodisha kwa wageni wa harusi, bei nafuu, na kupika anaruhusu. Ina vyumba vitatu, kimoja kikubwa chenye choo ndani, na sebule pana ya kutandika magodoro. Nikapanga vichwa na vitanda kwa makini. Chumba kikubwa nikaandika cha baba.

Nilipomwonyesha mama picha, alikitazama kile chumba kikubwa muda mrefu. Akanirudishia simu akasema niende na wenzangu salama, yeye atabaki na kuku wake. Nikapeleka picha kwa mama mdogo. Naye akaangalia pale pale, akasema ana oda ya vitumbua, safari haitamwezekana. Nilikasirika jamani. Kuku watatu, na vitumbua anavyopika kila siku! Nilimlilia bibi, nikamwambia hawa hawataki tu kutuona tuna furaha.

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, umepanga nyumba, hukupanga zamu. Na hicho chumba kikubwa, baba yako ataingia na nani?"

Niliona aibu. Mama zetu kwenda wote wawili ni mmoja kuingia na baba, na mwenzake kuusikia mlango ukifungwa, na kila mmoja ameona heri abaki kuliko kuwa huyo.

Lakini nimeshapata dawa. Bibi achukue chumba kikubwa na sisi wasichana wakubwa, mama zetu kila mmoja chumba chake na wadogo, na baba alale sebuleni na wavulana. Shida ni nani atamwambia. Mtoto wa kike kumpangia baba yake pa kulala si adabu, tena jambo lenyewe halitajiki. Bibi amekataa, anasema akitia neno, mmoja ataona mwenzake amependelewa. Baba naye akiulizwa safari imefikia wapi anajibu, "Muulizeni msomi." Mwenye nyumba amesema kuna watu wa harusi wanaitaka, atanisubiri mpaka Ijumaa tu.

Nilitaka kukata tamaa. Jana nikatumwa kwa mama mdogo kurudisha sahani, nikakuta kwenye kamba nguo za kuogelea alizotushonea sisi wasichana, ndefu za heshima, zote kitambaa kimoja. Pembeni yake kulikuwa na mbili za watu wazima. Moja ni yake. Ya pili ni pana mabegani na fupi kuliko yake, na katika familia yetu mwenye umbo lile ni mama yangu peke yake. Mama mdogo aliona nimeiona. Akaianua, akaikunja, akaniambia nisiseme kitu mpaka ijulikane kama safari ipo.

Kaka na dada zangu, nishaurini. Nimwambieje baba alale sebuleni, asione ameamrishwa na mwanawe? Au nimtafute nani amwambie, kabla ya Ijumaa?