Sauti ya Wifi Kwenye Mashine ya Kusaga

Mashine ile ilikuwa na kelele, wacha tu, mpaka panya wa mle ndani walikuwa wanaongea kwa mikono. Hapo Mama Pumba alikula miaka kumi na saba akimimina mahindi, na wifi yake, dada wa mumewe, akikinga unga. Jina alipewa kwa ajili ya pumba za kwenye nywele, si za mdomoni.

Wawili hao walipiga soga kutwa mashine ikinguruma. Wateja waliona midomo ikichezacheza tu, lakini Mama Pumba hakupotewa na neno la wifi yake hata moja.

Akaja bosi mpya, sauti kama ya mtu anayekwangua sufuria. Akiomba kamba, Mama Pumba anamletea pumba, debe zima.

"Kamba, wifi," wifi anamtamkia tena, na kamba inafika.

Mwezi ule bosi akatangaza kwamba inakuja mashine ya mtu mmoja. Mmoja abaki, mmoja aende.

Wifi akamshika mkono. "Tukibaki tunabaki wote, tukiondoka tunaondoka wote."

Kesho yake tu, mashine imepamba moto, wifi akamvuta bosi mlangoni, mgongo huku ndani.

"Yule masikio yamekufa, bosi. Mimi ndiye namsikilizia. Ipo siku mkono wake utaliwa na mkanda."

Mama Pumba aliyapata maneno yote, na pumzi zake.

Bosi akaja kumjaribu, anapaza sauti kinywa wazi kama anazungumza na ukuta. Mama Pumba akazima mashine, akamtajia maneno yale neno kwa neno, hata la mkanda.

Bosi akaduwaa. "Umesikiaje?"

"Sauti yako ngeni, baba, bado sijaizoea. Ya huyu naipata hata umfunike na pipa. Naye anajua masikio yangu ni mazima."

"Ulijua?" bosi akamgeukia wifi.

Wifi akatazama ndala zake.

"Basi mama, utabaki wewe."

Wifi akavua aproni, anaikunja, anaikunjua. "Niliogopa, wifi. Wanangu wangekula nini?"

"Na wangu wanakula upepo?"

Mama Pumba akawasha mashine, akaifungulia mpaka mwisho, mabati ya paa yakatetemeka. Wifi aliendelea kujitetea pale mlangoni, kwa sauti ya chini kabisa, na kila neno likamfikia.