Kogo na Swali la Maziwa ya Kibuyu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile ambayo mama mmoja wa upande wa Sigowet alitufukuza nyumbani kwake, mimi na daktari. Keti nikueleze. Juzi uliniambia kazi yako ni kutengeneza programu za kompyuta za hospitali, na tangu hapo nimekuwa nikimfikiria sana yule mama.

Miaka ya sabini ilikuwa imeanza. Zamani baba yangu alikuwa ametoka Kisii akaja kuchuma chai, na mimi nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba. Nilicheza na watoto wa Kipsigis mpaka nikaongea lugha yao kama wao, na nilipomaliza kidato cha nne, ni lugha hiyo iliyonipa kazi. Daktari mmoja aliyeitwa Wafula alikuwa amekuja kutoka chuo kikuu kufanya utafiti juu ya saratani ya umio, ile njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Alihitaji mkalimani.

Ugonjwa huo ulitutisha. Mtu mwenye nguvu zake, analima na kukamua ng'ombe, anaanza kusema ugali unamkwama. Baadaye ni viazi, halafu uji, mwishowe hata maji. Hakuna aliyejua kwa nini uliwashika wengi upande wetu. Daktari Wafula aliuliza kila kitu: moshi wa jikoni, mahindi yaliyokaa ghalani, pombe, chai inanywewa ikiwa moto kiasi gani. Nami nikaambukizwa udadisi wake. Jioni moja nilimsumbua mama yangu kwa maswali juu ya chai yake mpaka akanifukuza jikoni.

Basi siku hiyo tulikwenda kwa mzee arap Tonui. Mwenyewe alikuwa amelazwa hospitalini akisubiri upasuaji, kwa hivyo tulitaka kuongea na mke wake, ambaye kijiji kizima kilimwita Kogo, yaani nyanya. Alitupokea vizuri, akatupa viti. Maswali yalikwenda sawa mpaka nikafika kwenye mursik, yale maziwa yanayogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet.

"Kogo, mzee alikuwa akinywa mursik mara kwa mara?"

Akasimama. Hakunijibu kwa Kipsigis. Aliongea Kiswahili, ili daktari asikie mwenyewe.

"Mmekuja kuuliza ama mmekuja kunishtaki? Majirani wanasema ni mkaa wangu umechoma koo ya mzee. Sasa na ninyi mmetoka huko mbali kuja kusema hivyo hivyo. Tokeni!"

Tulitoka. Tulipofika langoni daktari akasimama, ameinamisha kichwa. Nilidhani atasema watu hawa ni wagumu, twende kwingine. Lakini alivua kofia, akarudi mpaka mlangoni.

"Mama, mimi sijui kama ni mkaa. Ningekuwa najua, nisingekuja kukuuliza."

"Umesoma hivyo na hujui?"

"Sijui. Ndiyo maana natembea."

Kogo akamsogelea mlangoni. "Umeuliza akina nani?"

"Wagonjwa na watu wao. Nataka kuuliza na wazima wasioumwa, watu wa rika la mzee, wa kijiji hiki hiki. Bila hao sitajua lolote. Lakini wananikatalia. Wanasema mtu asiyeumwa hana haja na daktari."

"Basi anza na mimi," Kogo akasema. "Nimekunywa kibuyu hicho hicho tangu niolewe. Na ninameza."

Daktari alicheka kwa furaha, akaketi tena. Alipomaliza, Kogo akajifunga leso na kusema twende. Alitupeleka kwa majirani wale wale waliokuwa wakinong'ona juu yake. Alikuwa akisimama uani na kuita, "Ninyi mnaosema juu ya maziwa yangu, leo semeni juu ya yenu!" Nani angekataa?

Hapo ndipo niliponyooshwa, mwanangu. Nilikuwa nimeshaelewa kwamba kama wazima nao wanakunywa sana mursik, lawama itampungukia Kogo. Jirani mmoja akasema yeye hunywa mara moja moja tu. Nikamwambia kwa sauti tamu, "Lakini si unakunywa karibu kila siku?" Kogo alinishika mkono.

"Wewe mtoto, usimsaidie kujibu. Hata kama jibu lake litaniumiza mimi, liache litoke."

Nikamtafsiria daktari jibu la jirani kama lilivyotoka. Mpaka leo sijapata mwalimu aliyenifundisha utafiti kwa maneno machache kuliko hayo.

Mzee arap Tonui akapasuliwa. Daktari wa upasuaji alikuwa amewaeleza mzee na Kogo kwamba atakata sehemu yenye uvimbe, avute tumbo juu aliunge na kile kipande kilichobaki, na kwamba huenda mzee asiamke. Mzee akasema, "Nataka kumeza tena," na hayo yakawa majibu. Aliamka. Alirudi nyumbani amekonda, na baada ya muda daktari wa upasuaji akamruhusu kula vitu laini. Nilikuwepo na Daktari Wafula siku mzee alipoomba mursik.

Kogo alikileta kibuyu, lakini hakumimina.

"Daktari, nimpe ama nisimpe?"

"Sina ushahidi wa kukukataza, mama. Wala sina wa kukuahidi kwamba ni salama."

Kisha mzee akasogeza kikombe chake. "Nimekunywa kwako maisha yangu yote," akamwambia. "Mimina."

Akamimina. Tukamtazama akimeza, polepole, na Kogo akageuka akajifuta uso kwa leso.

Mzee aliyaona mavuno ya mahindi ya mwaka huo na ya uliofuata. Halafu ugonjwa ukarudi, akafariki. Kwenye mazishi nilisikia tena ile minong'ono.

Daktari Wafula alikuwa ameahidi kurudi kuwaambia watu alichopata, na akarudi. Chifu akaita baraza. Daktari akaeleza kwamba wagonjwa walikunywa mursik, na wazima nao walikunywa vile vile. "Kwa watu tuliowauliza hapa," akasema, "siwezi kusema kibuyu ndicho kilicholeta ugonjwa. Chai ya moto sana bado naishuku, na mambo mengine pia. Hatujamaliza."

Wanawake waliinamisha macho. Mmoja alitoka alipokuwa ameketi, akaenda kumshika Kogo mkono. Nikafikiri basi, yamekwisha, mama wa watu amesafishwa jina. Daktari akaanza kukusanya vitu vyake. Kogo akasimama.

"Nimesikia si mimi. Asante. Sasa mzee wangu aliuawa na nini?"

"Bado sijui, mama."

"Basi mbona unafunga mkoba? Kaa chini uendelee kuuliza."

Daktari akaufungua mkoba, akaketi.

Mwanangu, uliponieleza kwamba programu inaweza kujaribiwa mara nyingi na kufanya kazi, na bado hakuna aliyethibitisha kwamba haina kosa, ulishangaa nilivyoelewa haraka. Sikuelewa kwa sababu ya kompyuta, nilielewa kwa sababu ya Kogo. Kwa hivyo nakuomba: ukiuliza, uliza ili ujue, si ili upate ulichokwisha kuamua. Usiangalie wagonjwa pekee, wala zile siku kazi yako ilipokubali pekee. Usilisaidie jibu, hata kama unampenda atakayeumizwa nalo. Kama hujui, sema hujui, hata mbele ya baraza. Kumbuka pia kwamba swali lako likiingia nyumbani kwa mtu, yeye ndiye atakayelala nalo. Na ukiambiwa kosa si lako, usiondoke. Mgonjwa bado anataka kujua ni nini.

Mungu akuonyeshe kosa lako kabla halijamfikia mgonjwa. Akupe watu wasioogopa kukuuliza, na moyo wa kuwarudia wakikufukuza. Kazi ya mikono yako iwaponye hata wale usiowajua. Nenda salama, mwanangu.