Amiba Kwenye Mdomo wa Kisima

Anayehusika na jambo hili ni aliyekuwa mkuu wa idara yetu ya afya mjini Mombasa. Nalisema waziwazi kwa sababu lawama zimekaa juu yangu miaka mingi, na jalada ambalo lingesema ukweli limepungua ukurasa mmoja.

Katika miaka ya tisini nilikuwa afisa wa elimu ya afya. Walimu wa biolojia wa shule za kisiwani walilalamika kwamba wanafunzi wanakariri majina ya vijidudu bila kuamini kuwa vipo. Hadubini ilikuwa moja, ikizunguka shule hadi shule. Ndipo nikaanza kuvichora kwa katuni: bakteria wa kipindupindu aliyejipinda kama alama ya mkato, na mkia wake mmoja wa kuogelea, na amiba mnene asiye na umbo, akijinyoosha kukumbatia mlo wake. Niliwatia macho na midomo, lakini mkia na kiini nilihakikisha viko mahali pake. Mwanafunzi akicheka kisha akakosea mtihani, nitakuwa nimemdhulumu.

Kwa somo la maji nilihitaji kisima cha kweli. Katika Mji wa Kale, mwenye kisima uani huacha mlango wa nyuma wazi, majirani wakaingia na kuteka. Ni sadaka ya nyumba hiyo, na ndiyo heshima yake. Wenye visima niliowaendea walinikatalia, isipokuwa bibi mmoja mjane.

"Yatwae, mwanangu," aliniambia akinipa ndoo. "Lakini nyumba yangu isitajwe. Sina kingine cha kuwapa watu ila maji haya."

"Haitatajwa, bibi. Nakuahidi."

Maji yalikutwa na amiba. Tulitia dawa, tukapima tena, yakawa safi. Niliandika ripoti ya siri na, kama taratibu zilivyotaka, nikaambatisha mchoro wa mahali: mdomo wa kisima uliomeguka upande mmoja, mkomamanga, mlango wa kijani wenye komeo la shaba. Juu yake niliweka barua, ukurasa wa kumi na tano wa jalada, kwamba mahali hapo pasionyeshwe popote. Jalada nilimkabidhi mkuu mkononi. Tuliajiriwa pamoja, watoto wake wakiniita baba mdogo. Kwa hiyo, mara hiyo moja tu katika utumishi wangu wote, sikumtaka mtu atie sahihi ya kupokea.

Mkuu alitaka katuni zivutie zaidi. Bila kuniarifu, alimpa mchoraji wa mabango jalada zima.

Picha niliiona kwa mara ya kwanza ukutani, darasani, katika shule moja ya mtaa wa Tononoka. Amiba wangu alikuwa ameketi kwenye mdomo wa kisima uliomeguka, mkomamanga nyuma yake, mlango wa kijani wazi, akikaribisha wageni kwa mikono miwili ambayo sikumpa. Chini, pembeni, zilikuwapo herufi za jina langu, zile nilizotia kwenye kila katuni yangu.

Wanafunzi wa Mji wa Kale hawakuhitaji kuelezwa. Wakitoka shuleni walipita nyuma ya nyumba ile wakipaza sauti.

"Hodi, Bwana Amiba!"

"Yuwaoga! Ngojani atoke!"

"Mwambieni asimalize maji, nasi tuna kiu!"

Haikupita wiki, majirani wakaacha kuja. Nilipokwenda, bibi alinikaribisha kwa adabu ile ile, akaniwekea kiti.

"Hapa watu walikuwa wakigombea zamu," alisema. "Leo tangu alfajiri sijasikia ndoo."

"Bibi, si mimi niliyekichora kisima."

"Herufi zile si zako?"

"Ni zangu."

"Basi, mwanangu. Kunywa kahawa."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mkuu.

"Wewe nawe!" akacheka. "Hiyo ni katuni. Nani agombane na katuni?"

"Barua yangu iko wapi?"

"Barua gani?"

Nililifungua jalada mbele yake. Ukurasa wa kumi na nne ulifuatwa na wa kumi na sita. Yeye alitazama dirishani, akaniuliza hali ya watoto.

Wana wa bibi walikifunika kisima kwa zege. Bibi aliishi miaka michache baada ya hapo, mlango wa nyuma umefungwa, akaondoka duniani akiamini kwamba nilivunja ahadi.

Kosa langu nalikiri: mchoro wa mahali niliuchora mimi, na sikudai sahihi. Nimelikiri mbele ya binti wa bibi. Yaliyobaki si yangu. Namtaka mkuu huyo, ambaye sasa amestaafu kama mimi, aeleze kwa maandishi ni kwa idhini gani alitoa jalada la siri, ukurasa wa kumi na tano uliondolewa na nani, na kwa nini herufi za jina langu ziliachwa kwenye picha isiyo yangu. Maelezo hayo, yakiwa na sahihi yake, yapelekwe kwa binti wa marehemu, na nakala iletwe kwangu.