Mtoto Aliyepokewa Majini

Mume wangu alikuwa ofisa wa jeshi la majini, na kwa miaka mingi kazi yake niliijua kwa harufu tu: dizeli, chumvi na rangi ya boti. Tulipohamishiwa Kigoma kutoka Dar es Salaam, chumvi ikaondoka. Alilicheka ziwa, akaliita bwawa. Tukapanga nyumba Gungu, mimi nikapata nafasi ya kufundisha shule ya msingi. Huko ndiko nilikopata mimba yetu ya kwanza, baada ya miaka saba ya kungoja.

Ng'ambo kulikuwa na vita. Watu walivuka kutoka Burundi kwa mitumbwi na maboti ya mbao, na kazi ya doria ikageuka kuwa kazi ya kuwapokea.

Asubuhi moja walikuta boti ya mbao imezimika injini mbele ya Ujiji, imejaa watu mpaka maji yanalamba ukingo. Mume wangu ndiye aliyekuwa mkuu wa boti ya doria. Aliamuru wasogee taratibu, wawatupie kamba. Wale watu walipoziona sare, kuna waliofurahi na kuna walioogopa, lakini wote walisimama kwa pamoja. Boti ikalala ubavu, ikapinduka.

Alirudi mchana amevaa suruali ya mtu mwingine, fupi.

"Umekula?" nilimuuliza.

"Bado," alisema, akaenda kuoga.

Yaliyotokea niliyasikia Kibirizi siku iliyofuata, nilipokwenda kununua dagaa. Wauzaji walikuwa wamekaa tu, mikono mapajani. Watu wa mji walikuwa wamekataa kula chochote cha ziwani mpaka maiti wote wapatikane.

Wiki ya tatu alikuja nyumbani mwanamke mwembamba, akiongozana na jirani yetu, mama mmoja Muha. Mgeni alijua Kirundi tu, na jirani aliweza kuelewana naye kwa Kiha chake. Mume wangu alikuwa sebuleni. Yule mwanamke alimtazama, akasema maneno machache.

"Anasema ndiye wewe," jirani alitafsiri. "Alikupa mtoto ndani ya maji, ukampokea. Ametafuta kambini kote, ametafuta hospitali. Anauliza ulimpeleka wapi."

Nilitegemea atasema amemfananisha. Watu siku ile walikuwa wengi, nani angembishia?

"Mwambie nilimpokea," alisema. "Nilimshika kwa mkono mmoja, mwingine ulikuwa kwenye kamba. Mzee mmoja akanikaba shingo kwa nyuma, tukazama. Nilipoibuka, mkono ulikuwa mtupu. Nilizamia mara tatu. Sikumpata."

Jirani akamuuliza mume wangu, "Bwana, nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Akamwambia. Yule mwanamke hakulia. Aliuliza jambo moja tu, na jirani akalitafsiri akiwa ameinamisha macho: yule mzee alipona?

"Alipona."

Mwanamke akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeelekezwa njia. Aliomba maji. Akanywa, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, wakaondoka.

Nilimkasirikia mume wangu. Nilimwambia angemwachia hata tumaini kidogo.

"Angemtafuta maisha yake yote," alijibu.

Mwezi ule ule aliandika barua kuomba kazi ya nchi kavu. Wakampeleka stoo, kwenye mablanketi na viatu, na wenzake aliofunzwa nao wakampita vyeo mmoja mmoja. Hakulalamika. Binti yetu alipozaliwa, alikuja hospitali, akamwinamia, akamtazama kwa muda mrefu, mikono ikiwa nyuma ya mgongo. Nyumbani alifua nepi, alichemsha uji, alikesha naye homa ikipanda. Kumbeba hakumbeba. Nikimnyooshea mtoto, alirudi hatua moja.

Mama yangu alikuja kutoka Tanga kunisaidia uzazi. Aliyaona hayo kwa wiki mbili, kisha siku moja wakati wa chakula akasema mbele ya mkwewe, "Mwanangu, baba anayekataa hata kumshika mtoto, mtoto huyo si wake moyoni mwake. Nani asiyeona?"

Mume wangu aliendelea kula. Nilifungua mdomo nimweleze mama, mume wangu akanitazama.

"Mwache," alisema.

Mama alirudi Tanga na maneno yake. Alikufa akiyaamini, na ndugu zangu wanayaamini hadi leo.