Mkaguzi wa Majani Chai Aliyeikataa Nuru

Saa nne asubuhi, lori la majani chai limeshaondoka Merigi na kituo cha kununulia chai kimetulia. Janeffer Chepkorir anapangusa meza ya kuchambulia, anaketi, anatoa simu. Anapitisha picha za galaksi moja baada ya nyingine, kwa kidole kilichokolea weusi wa utomvu wa chai.

Amekuwa mkaguzi wa majani kwa miaka kumi na tisa. Majani mawili na chipukizi yanapita. Yakiwa magumu au yamejikunja, mkulima anarudishiwa, ayamwage mezani achambue upya. Janeffer hana huruma, na wakulima wanamjua.

Mwaka jana alijiunga na watu wanaojitolea kuwasaidia wanaastronomia. Darubini inapiga picha anga zima, na macho ya wataalamu hayatoshi. Kinachotafutwa ni ajabu yenyewe: galaksi nzito ikikaa mbele ya nyingine, uzito wake huipinda nuru ya ile ya nyuma, ikaonekana kama upinde au pete. Ni kama kutazama koroboi kupitia kitako cha glasi.

Sasa Janeffer, maelekezo hakuyasoma hadi mwisho, akakagua kama chai.

"Nikiona kimepinda, nakataa," anasema.

Kwa wiki tatu alikataa picha 614. Lo! Alikuwa akitupa ndizi na kuhifadhi maganda.

Aligundua siku aliporudi kuyasoma maelekezo yote. Picha moja haikumtoka akilini: uzi wa buluu umelizunguka doa la manjano. Mfumo haukuruhusu kurudi nyuma. Kepher, karani wa mizani, alimshauri anyamaze tu, kwani nani angejua? Janeffer akawaandikia wataalamu, akakiri yote, akaieleza ile picha, akangoja kufukuzwa.

Jibu lilichukua miezi miwili. Picha ilipatikana, darubini kubwa zaidi ikaelekezwa pale, ikathibitika: ni nuru iliyopindwa kweli. Nuru ile ilianza safari miaka bilioni tisa iliyopita, kabla jua letu halijakuwapo.

Janeffer hulisema jambo hilo polepole, kana kwamba ndiyo kwanza analisikia.

"Imetembea hiyo yote, ikafika kwangu hapa Merigi, nikaikataa. Mimi ni nani?"

Walipomuuliza wamtuze nini, aliomba arudishiwe zile 613 zilizobaki, kama mkulima. Ndizo anazochambua leo, na anatumaini kuzimaliza kabla mvua haijaleta majani mengi.

Mzee Aron, aliyerudishiwa majani na Janeffer mara nyingi kuliko mtu yeyote, anapita na gunia tupu. Anasimama nyuma yake, anaitazama simu kwa muda.

"Polepole, mama," anamwambia. "Usiruke hata moja."